Pampu ya maji inapodukuliwa

Jumamosi ya tarehe 25 Novemba 2023, alamu ililia katika mamlaka ya maji ya Aliquippa, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliokua kwa viwanda vya chuma. Mtambo uliopata hitilafu ulikuwa kwenye kituo cha pampu kinachopeleka maji vitongoji vya Raccoon na Potter. Skrini yake ilionyesha ujumbe kwamba umedukuliwa, na kwamba kila kifaa kilichotengenezwa Israel ni halali kushambuliwa. Waliojitaja ni CyberAv3ngers, kundi ambalo serikali ya Marekani inalihusisha na Walinzi wa Mapinduzi wa Iran.

Aliquippa haikuwa na ugomvi na mtu. Ilikuwa tu imenunua kidhibiti cha Unitronics, kampuni ya Israel. Kidhibiti ni kikompyuta kinachosoma presha ya maji na kuamua pampu iwake saa ngapi na izime saa ngapi. Mamlaka ndogo hukiunganisha na intaneti kwa sababu fundi ni mmoja na vituo ni vingi, hivyo anaviangalia akiwa mbali. Vifaa vya aina hiyo vilitoka kiwandani na neno la siri 1111, na wengi hawakulibadilisha. Mdukuzi hahitaji hata kujua mji uko wapi. Kuna tovuti zinazoorodhesha vifaa vilivyo wazi mtandaoni, naye hupita akivijaribu kimoja kimoja, kama mwizi anayejaribu vitasa vya mtaa mzima usiku.

Kiafya, jambo la kuhofia kwanza si sumu bali presha kushuka. Hakuna mtandao wa mabomba usiovuja. Presha ikiwa juu, maji hutoka kupitia nyufa kwenda ardhini. Ikishuka ghafla, mkondo unaweza kugeuka: maji machafu ya udongoni, pengine yenye vijidudu vya kinyesi kutoka bomba la majitaka lililo jirani, yakavutwa ndani. Ndiyo maana presha ikipotea mamlaka nyingi huwatangazia watu wachemshe maji, hata kama chanzo chenyewe ni safi.

Kisa cha sumu kinachosimuliwa zaidi ni cha Oldsmar, Florida, Februari 2021, ambako kipimo cha magadi makali ya kurekebisha tindikali ya maji kilipandishwa kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100. Mfanyakazi aliona na kukirudisha mara moja. Miaka miwili baadaye aliyekuwa meneja wa mji alisema halikuwa shambulio, bali kosa la mfanyakazi. Mimi nisingekitumia kisa hicho kumtisha mtu.

Aliquippa inafundisha zaidi. Mafundi waliuzima mtambo wakaendesha pampu kwa mkono, na maji hayakukatika. Muda si mrefu baadaye, huko Erris, County Mayo, magharibi mwa Ireland, shambulio dhidi ya mtambo mwingine uliotengenezwa Israel liliziacha kaya zipatazo 180 bila maji kwa siku mbili.

Na kanuni je? Machi 2023, shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliyataka majimbo yakague usalama wa kompyuta yanapokagua mifumo ya maji. Missouri, Arkansas na Iowa zikaenda mahakamani, vyama vya watoa huduma ya maji vikaziunga mkono, na Oktoba agizo likaondolewa. Mwezi uliofuata Aliquippa ikavamiwa. Sheria ya 2018 inayodai tathmini ya hatari nayo inagusa mifumo inayohudumia watu zaidi ya 3,300 tu. Iliyo chini ya hapo, ambayo mara nyingi haina mtaalamu wa kompyuta hata mmoja, inabaki kwa hiari yake.

Kinga yenyewe si ghali. Kidhibiti kiondolewe kwenye intaneti ya wazi, fundi akifikie kupitia njia iliyofungwa inayomtaka athibitishe mara mbili kuwa ni yeye. Neno la siri libadilishwe siku ya kufungwa mtambo, na mfanyakazi anayeondoka afutiwe ruhusa siku hiyohiyo. Nakala ya programu ihifadhiwe nje ya mtandao. Zoezi la kuendesha pampu kwa mkono lifanywe wakati hakuna dharura. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafanya hayo, na tangu 2024 wadukuzi wa kujitolea kutoka mkutano wa DEF CON wamekuwa wakizisaidia mamlaka ndogo za maji nchini Marekani bila malipo.