Kila Mmoja Alidhani Mwenzake Ataitika

Alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani, bibi mmoja alianguka kwenye kituo cha matatu karibu na soko. Kikapu kikamponyoka, ndimu zikaviringika hadi mtaroni. Tulikuwa watu wasiopungua ishirini, nami nikiwa miongoni mwao, na naona haya kukiri kwamba nilisimama tu. Nilizitazama nyuso za wenzangu, nao wakautazama wangu. Kila uso ulionekana umetulia, basi nikajiambia: pengine si jambo kubwa, pengine jamaa zake wako karibu. Hatimaye alitokea msichana wa shule, akapiga magoti, akamlegeza bibi mtandio na kumwita. Hapo ndipo sote tukazinduka. Mmoja akaleta maji, mwengine kanga ya kumkingia jua, na tuktuk ikasimamishwa papo hapo.

Ndugu msomaji, hatukuwa na roho mbaya. Lau tungekuwa nayo, tusingekimbilia maji mara tu msichana yule alipotangulia. Ni kitu gani basi kilichotufunga miguu?

Suala hili liliwashughulisha sana wataalamu wa saikolojia baada ya kisa cha Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28 aliyeuawa karibu na nyumba yake mtaani Kew Gardens, New York, alfajiri ya tarehe 13 Machi 1964. Gazeti la New York Times liliandika kwamba majirani 38 walishuhudia wala hapana aliyewaita polisi wakati akishambuliwa. Habari hiyo ilitiwa chumvi. Baadaye ilibainika kwamba wengi walisikia kelele tu pasi na kuona, kwamba mwanamume mmoja alimkemea mshambuliaji kutoka dirishani, na kwamba jirani mmoja wa kike alishuka akampakata yule maskini akiwa mahututi. Ni ajabu kwamba mwanamke huyo, aliyefanya lililo jema kuliko yote usiku ule, ndiye aliyesahauliwa na simulizi.

Hata hivyo kisa kile kiliwafanya John Darley na Bibb Latané kuuliza swali la maana: je, wingi wa watu wenyewe ndio uzuiao msaada? Walimweka mwanafunzi peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wao akasikika kana kwamba ameshikwa na kifafa. Miongoni mwa walioamini kwamba wao pekee ndio waliosikia, 85 katika kila 100 walitoka kutafuta msaada kabla ya sauti ile kukatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, walitoka 31 tu. Na waliobaki vitini hawakuwa watu wasiojali, kwani wengi wao walikutwa mikono ikiwatetemeka na viganja vimelowa jasho. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aitike.

Sisi tuliosoma madrasa tunalo neno linalokaribiana na jambo hili: faradhi kifaya. Wakitekeleza baadhi, jukumu huwaondokea waliosalia. Nusu hii ya kanuni tunaishika barabara! Nusu ya pili, kwamba wakiacha wote basi wote hubeba dhambi, huwa tunaipitia upesi. Aidha wanavyuoni wanatufundisha kwamba asipokuwapo mwengine awezaye kumwokoa aliye hatarini, wajibu ule humwangukia yule mmoja aliyepo, ukawa faradhi aini juu yake.

Nakiri kwamba mwanamke ana hofu zake za ziada. Huogopa kumsogelea mwanamume asiyemjua, huogopa kuambiwa yeye ndiye aliyemsukuma, na huogopa safari za kituo cha polisi kutoa ushahidi. Hofu hizo si za kudharauliwa. Lakini kupiga simu 999 ukiwa umbali wa hatua kumi hakuhitaji kumgusa mtu. Nawe ukiwa ndiye uliyefikwa, usiulilie umati wote kwa pamoja. Mwonyeshe mtu mmoja kidole: "Wewe kaka wa kofia nyeupe, niitie gari." Aliyeonyeshwa hawezi tena kujificha nyuma ya wengine. Wafundisheni watoto jambo hili, kama mnavyowafundisha kuvuka barabara.

Tusikate tamaa na watu lakini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotazama kanda za kamera za barabarani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ulikuta kwamba katika magomvi tisa kwa kila kumi alijitokeza angalau mpita njia mmoja kuingilia kati.

Bibi alipokwisha kupakiwa kwenye tuktuk, nilimuuliza yule msichana alipataje ujasiri mbele ya umati ule. Alinitazama kwa mshangao. "Mama, mimi nilitokea nyuma ya matatu," akasema. "Sikuwaona nyinyi. Nilimwona bibi tu." Kisha akainama mtaroni kuokota ndimu, nami nikainama pamoja naye.