Neno "Masafa" na Mawimbi ya Sumaku na Umeme

Neno masafa, lililotujia kutoka Kiarabu, maana yake ya asili ni umbali. Redio imelitwika kazi mbili zaidi, nazo zapingana. Mtangazaji asemapo kuwa idhaa yake husikika katika "masafa mafupi", ataja urefu wa wimbi. Asemapo "masafa ya megahezi 100", ataja hesabu ya mitetemo. Ili ubaya wa jambo hili uonekane, hapana budi tulieleze kwanza wimbi lenyewe.

Wimbi la bahari halipo pasipo maji. Wimbi la sumaku na umeme halihitaji kitu cha kulichukua. Uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu yake hufanya kazi, ukibadilika huzaa uga wa sumaku. Na huo wa sumaku ukibadilika huzaa wa umeme. Kwa kuzaana hivyo wimbi husonga mbele hata katika utupu, kwa mwendo wa kilomita 299,792 na kitu kwa sekunde. James Clerk Maxwell alieleza mwaka 1865 kwamba nuru nayo ni wimbi la namna hii. Heinrich Hertz akayatoa na kuyapokea mawimbi ya redio huko Karlsruhe, Ujerumani, katika miaka ya 1886 hadi 1888.

Kwa kuwa mwendo huo katika utupu ni mmoja, wimbi likiwa refu mitetemo yake kwa sekunde huwa michache. Likiwa fupi, huwa mingi. Zidisha urefu kwa mitetemo, nawe utapata mwendo uleule. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Lile la megahezi 6, liitwalo masafa mafupi, lina mita 50. Ufupi wake, basi, ni kwa kulinganishwa na mawimbi ya kati, yenye urefu wa mamia ya mita. Tena hayo mafupi ndiyo yafikayo mbali, kwa kuwa tabaka za juu za anga zenye chembe za umeme huyarudisha chini. Masafa mafupi yaenda masafa marefu!

Baada ya redio yaja mawimbi ya jiko la mikrowevu, yapata sentimita 12; kisha joto lisiloonekana, alilolipima William Herschel mwaka 1800 kando ya rangi nyekundu; kisha nuru tuionayo, ukanda mwembamba wa nanomita 400 hadi 700 hivi; kisha miali iliyo ng'ambo ya zambarau, eksirei alizozigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na miali ya gama. Yote ni jamaa moja, yakihitilafiana kwa urefu na mitetemo tu.

Sasa mwanafunzi akiulizwa kama eksirei zina masafa makubwa au madogo, aweza kujibu vyovyote, asikosee. Rai yangu ni kuwa vitabu vya shule viliachie neno masafa umbali, viseme urefu wa wimbi panapohusika urefu, na marudio panapohesabiwa mitetemo. Wako watakaosema kuwa marudio tayari ni jina la kipindi kitangazwacho mara ya pili. Ni kweli, lakini hapo maana ni ileile ya jambo kurudi, hali masafa hayana nasaba yoyote na hesabu ya mitetemo.