Umeme kutokana na matairi chakavu

Umeme kutokana na matairi chakavu ni umeme unaozalishwa kwa kuchoma matairi yaliyokwisha kutumika ndani ya tanuri la kituo cha umeme. Matairi huchomwa mazima au yakiwa vipande, peke yake au pamoja na makaa ya mawe au mabaki ya mbao. Njia hiyo imetumika hasa nchini Marekani tangu miaka ya 1980. Ni tofauti na urejelezaji wa kawaida, kwa sababu mpira wenyewe hauokolewi: unateketea, na kinachopatikana ni joto lake.

Chanzo cha tatizo

Mpira wa tairi hupikwa pamoja na sulfuri, njia iliyogunduliwa na Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Sulfuri hufunga molekuli za mpira zisiachane. Kwa hiyo tairi halilainiki juani, lakini pia haliwezi kuyeyushwa na kufinyangwa upya kama plastiki nyingi, wala halioozi kwa urahisi.

Matairi mazima yakifukiwa ardhini huchukua nafasi kubwa. Yakirundikwa nje, hukusanya maji ya mvua ambamo huzaliana mbu wa jenasi Aedes, wanaoeneza homa ya dengi. Mnamo 1990 marundo ya Marekani yalikadiriwa kuwa na matairi bilioni 1 hivi.

Kiasi cha nishati

Sehemu kubwa ya tairi la kisasa hutokana na mafuta ya petroli. Kilogramu 1 ya tairi hutoa joto la megajuli 32 hivi, zaidi ya makaa ya mawe mengi. Tairi chakavu la gari dogo lina uzito wa takriban kilogramu 9, kwa hiyo joto lake ni karibu megajuli 290, yaani kilowati-saa 80. Kituo kikigeuza robo ya joto hilo kuwa umeme, tairi moja hutoa uniti 20 za umeme kama zinavyohesabiwa kwenye mita.

Utendaji wa kituo

Matairi huingizwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya sentigredi 1,000 na hewa ya kutosha. Joto huchemsha maji ndani ya boila, mvuke huzungusha turbini, na turbini huendesha jenereta.

Nyuzi za chuma zilizomo ndani ya tairi haziungui. Zinaweza kujisokota na kuziba mitambo, hivyo vituo vya makaa ya mawe vinavyochanganya matairi hupendelea vipande vidogo vilivyoondolewa nyuzi. Kuvikata hivyo huongeza gharama.

Moshi hauna budi kusafishwa kabla ya kutolewa nje. Sulfuri hugeuka kuwa dioksidi ya sulfuri, ambayo hunaswa kwa chokaa. Masizi na vumbi lenye zinki huzuiwa kwa vichujio vya kitambaa. Majivu yanayobaki yana zinki nyingi, na hayafai kutupwa ovyo.

Mfano wa Westley

Kituo cha Westley, katika jimbo la California, kilianza kazi mwaka 1987 kikiwa na uwezo wa takriban megawati 14. Kilichoma matairi mazima, kikiwa karibu na rundo kubwa lililokuwa limekusanywa kwa miaka mingi.

Tarehe 22 Septemba 1999 radi ilipiga rundo hilo, na takriban matairi milioni 7 yakashika moto. Moto uliendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja. Maji peke yake hayafai sana kwa moto wa namna hiyo, kwa kuwa umbo la tairi huhifadhi hewa ndani ya rundo na kuzuia maji yasifike chini. Mpira uliopata joto ulitoa mafuta yaliyotiririka na kuwaka pia.

Kwa kipimo cha uniti 20 kwa tairi, kituo cha megawati 14 huhitaji matairi 700 kwa saa. Matairi milioni 7 yangetosha kukiendesha kwa zaidi ya mwaka. Badala yake yaliungua bila tanuri, bila kichujio na bila kutoa umeme. Kwa sababu hiyo, kuchoma matairi kituoni hakupaswi kulinganishwa na kuyachoma uwanjani: moto wa wazi hauna joto wala hewa ya kutosha, na hutoa masizi mazito, monoksidi ya kaboni na kemikali zinazosababisha saratani.

Njia nyingine

Tairi ambalo mwili wake bado ni mzima linaweza kuvishwa mpira mpya na kurudi barabarani. Katika Afrika Mashariki mafundi hukata matairi kutengeneza kandambili, zinazoitwa akala nchini Kenya na katambuga nchini Tanzania. Mpira uliosagwa hutumika katika lami na viwanja vya michezo.

Viwanda vya saruji pia huchoma matairi. Humo chuma hakibaki kuwa taka, kwani huingia katika saruji yenyewe, ambayo huhitaji madini ya chuma. Kwa kawaida kuchoma huwekwa baada ya njia zinazohifadhi mpira, lakini kabla ya kuacha matairi yarundikane.