Video Yafundisha Hesabu, Karakana Yafundisha Mkono

Wazazi huniuliza: mtoto aweza kusomea uhandisi wa chuo kikuu kwa video? Mimi nina diploma ya ufundi tu, lakini karakana naijua. Jibu langu ni kwamba nusu ya masomo yale yafaa kwa video, na nusu haifai. Hatari ni chuo kuchukua ile nusu ya kwanza kikaiuza kama kozi nzima.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, shabaha ikiwa kuinua masomo ya sayansi na uhandisi. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo hadi vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kisha mwaka 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kwa chini ya bahari, intaneti ikapata kasi. Nako India, tangu 2003, vyuo vikubwa vya teknolojia hurekodi kozi za uhandisi katika mpango wa NPTEL na kuziweka wazi bure. Mkenya mwenye simu aweza kuzitazama.

Faida yake nimeiona Birongo, kule milima ya Kisii, zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa Mombasa. Mwana wa mwenyeji wangu asomea uhandisi wa ujenzi. Alikuwa akitazama somo la jinsi boriti inavyopinda chini ya mzigo. Alilisimamisha mara nne, akarudi nyuma, akachora kwenye daftari mpaka hesabu ikamkubali. Kwenye ukumbi wa wanafunzi 200, nani atamsimamisha mhadhiri mara nne?

Lakini gharama ipo. Mhadhara wa saa moja, kwa picha ya kiwango cha chini, hula takriban MB 300. Mihadhara 20 kwa wiki ni GB 6, na bando halimngoji mzazi auze ndizi. Ndiyo maana video nzuri ya kufundishia ni fupi, yenye jambo moja, na yaweza kupakuliwa chuoni ikatazamwa nyumbani bila intaneti.

Nikamuuliza kijana kuhusu zege. Akaniambia ameona kwenye video bonge la zege la siku 28 likipondwa kwa mashine kupimwa nguvu. Yeye mwenyewe hajawahi kulichanganya wala kulipima. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, likaua watu karibu hamsini. Sisemi lile lililetwa na masomo ya video. Nasema makosa ya ujenzi hulipwa kwa roho za watu, na anayekwenda kukagua zege lazima awe amelishika.

Sisi Waswahili hili twalijua. Fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, hakujifunza kutia kalafati kwa kutazama tu. Alikaa kando ya mwalimu, akakosea, akasahihishwa. Hata Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa (TUM) chatokana na MIOME, taasisi iliyojengwa kwa michango ya Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo, ili vijana Waislamu wapate ufundi wa mikono.

Kwa hivyo, mzazi, kabla hujalipa karo uliza maswali manne. Mwanangu atakuwa karakana na maabara saa ngapi kwa wiki? Wanafunzi wangapi hugawana mashine moja? Akikwama kwenye video, nani humjibu, na kwa muda gani? Na kozi hii imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya? Bila idhini hiyo, cheti kizuri chaweza kumfungia mlango wa kusajiliwa.

Na vyuo navyo viambiwe: saa ambazo mhadhiri ameokoa kwa kurekodi somo ni haki ya mwanafunzi. Zirudishwe karakana, zisigeuzwe njia ya kusajili wanafunzi zaidi kwa mashine zile zile tatu.