Mama Anasubiri Upasuaji? Usimlaze, Mtembeze!

Hebu vuta picha. Mama mkwe yuko nanyi hapa Babati, ana miaka 70, amegundulika na saratani ya utumbo mpana na amepangiwa upasuaji kule KCMC Moshi baada ya mwezi mmoja. Nyumba nzima inaingiwa na huruma. Jembe ananyang'anywa, ndoo hagusi, uji analetewa kitandani. "Mama pumzika, sisi tupo." Upendo mtupu, au sio?

Nia ni njema, ila tunamponza. Mzee akilala siku nyingi misuli inanywea haraka na pumzi inakata. Akishapasuliwa atachelewa kusimama, na hapo nimonia na damu kuganda miguuni vinamvizia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulihusisha wagonjwa 251 wa saratani hiyo Ulaya na Canada, wengi wakiwa wametimiza miaka 60. Kundi moja lilifanya mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 4, likala vyakula vya kujenga mwili, wavutaji wakasaidiwa kuacha sigara na wenye hofu wakaliwazwa. Waliopata matatizo makubwa baada ya upasuaji walikuwa asilimia 17 hivi. Kwa wenzao ambao hawakuandaliwa, karibu 30!

Sasa wewe ufanyeje? Kwanza muulize daktari kama moyo, damu na mifupa ya mama vinaruhusu. Akikubali, huhitaji jimu. Asubuhi jua likiwa bado changa, tembeeni upande wa Ziwa Babati (ufukweni msisogee, viboko hawana utani). Mwendo uwe wa kuhema kidogo huku bado anaweza kupiga soga. Mkirudi, egemeza kiti ukutani, asimame na kukaa mara 5 hadi 10. Mezani weka maharage, mayai, maziwa, perege. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja na apelekwe hospitali. Na tarehe ya upasuaji isisogezwe eti kwa sababu ya mazoezi.

Halafu kuna siri moja. Baba mkwe naye mtafutie raba, waongozane. Njiani, mbali na masikio ya wajukuu, ndipo mama atakapomwambia mumewe kile ambacho nyumbani hakisemi: kwamba anaogopa. Na mzee atamshika mkono, kama enzi zile.