Mtoto Anapopinda Mgongo: Wazazi Wasichelewe, Wala Wasikurupuke

Bega moja la binti likipanda kuliko jingine, wazazi wengi hulaumu mkoba wa shule. Aghalabu sivyo. Huenda ni skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda kwa upande, maradhi ambayo mara nyingi hujitokeza kuelekea baleghe na ambayo chanzo chake kwa wengi hakijulikani. Mtoto na ainame mbele, miguu pamoja. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko wa pili, apelekwe hospitali apigwe picha ya eksirei.

Tiba hufuata pembe ya mpindo. Chini ya nyuzi 25, mtoto hufuatiliwa tu. Kati ya 25 na 40, iwapo bado anakua, huvalishwa vazi gumu kwa takriban saa 18 kila siku, ili mpindo usizidi. Akishamaliza kukua, vazi hilo halimfai tena. Hapo ndipo kuchelewa kunapogharimu.

Pembe ikifika nyuzi 45 hadi 50, upasuaji hufikiriwa: pingili huunganishwa kwa skrubu na vyuma. Hatari zake ni kuvuja damu nyingi, maambukizi, vyuma kulegea, pingili kutoshikana na, kwa nadra, kupooza. Sehemu iliyounganishwa haikunjiki tena. Katika kurukuu, ataegemea zaidi nyonga. Lakini kuacha nako kuna hatari: mpindo mkubwa huweza kuzidi hata ukubwani, na ukipindukia hubana mapafu.

Basi wazazi, kabla ya kutia saini, muulizeni daktari: pembe imeongezeka kiasi gani? Pingili ngapi zitaunganishwa? Tukiacha, itakuwaje?