KULANTI AU MAJI KWENYE REJETA? TUSIDANGANYANE

Wengi wenu mna kirikuu, Noah au Toyo ya miguu mitatu yenye rejeta, na ndiyo inayoleta mzigo dukani. Mimi nauza spea na oili hapa Mpitimbi, na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Dogo, kulanti ya nini wakati huku hakuna barafu? Maji si yapo?"

Anayeuliza hivyo ana nusu ya ukweli. Kwenye nchi za baridi kali, kulanti inazuia maji yasigande ndani ya injini na kuipasua. Huku kwetu, hata mwezi wa 7 tunapovaa masweta, maji hayagandi kwenye rejeta. Muuzaji akikutisha na baridi, jua anatafuta hela yako tu. Na kuna jambo wauzaji hatupendi kulisema: maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti. Kwa hiyo ukipungukiwa njiani, weka maji safi ufike.

Sasa tatizo la maji ni kutu. Ndani ya injini kuna chuma na kuna aluminiamu, na maji ya moto yanazunguka humo kila siku. Yanakula taratibu. Ukifungua mfuniko ukakuta maji yana rangi ya vumbi la barabara, ujue ni injini yako inaliwa. Halafu maji ya kisima mengi yana chumvi chumvi. Si unaona ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai? Ukoko huohuo unajijenga kwenye vijia vya rejeta, ambavyo ni vyembamba, mpaka vinaziba. Gari inaanza kuchemsha, fundi anabadilisha feni, anabadilisha mfuniko, bado inachemsha. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua huku kwetu.

Sababu ya pili ni milima. Songea mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Mfuniko wa rejeta unabana presha, ndiyo maana kwenye gari yanavumilia mpaka zaidi ya nyuzi 110. Ukichanganya nusu kulanti nusu maji unaongeza kama nyuzi 7 au 8 hivi. Ni kidogo, lakini ukiwa na magunia ya mahindi unapanda Lukumburu kwenda Njombe, kidogo hicho kinaweza kuokoa gasketi ya silinda hedi. Na mfuniko uliolegea unaharibu hesabu yote hii, hata uweke kulanti ya bei gani.

Kununua sasa. Soma dumu. Kuna ambayo imeshachanganywa, unamimina ilivyo. Nyingine ni nzito, inatakiwa uichanganye na maji nusu kwa nusu. Usimimine nzito tupu ukidhani ndo unaipenda gari, itabeba joto vibaya. Gari ndogo nyingi zinachukua kama lita 4 hadi 6, kwa hiyo lita 2 au 3 za ile nzito zinatosha. Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyosafishwa, ya kuongezea betri. Hapo kuwa makini sana, maana madukani tunaita "maji ya betri" hata tindikali! Hakikisha umepewa maji.

Usichague kwa rangi. Kijani, nyekundu, bluu, hiyo ni rangi tu kila kiwanda kinaweka yake, na mbili zenye rangi moja zinaweza zisipatane. Fuata kitabu cha gari. Kama ulikuwa unatumia maji, mwaga yote na suuza mpaka yatoke meupe kabla ya kuweka kulanti. Kisha usizidishe muda ulioandikwa kwenye dumu, maana ile dawa ya kutu inaisha hata kama rangi bado inapendeza.

Kama gari inapunguza maji kila siku, usinunue kulanti kwanza. Tafuta inapovuja: paipu, pampu ya maji, au gasketi. Kulanti haizibi tundu, utamwaga hela barabarani. Na mfuniko usiufungue injini ikiwa ya moto, maji yanaruka usoni.

Kwa wenzangu mnaouza rejareja: msipimie kulanti kwenye chupa za soda. Nyingi ni sumu na ina utamu utamu, mtoto akiiona na rangi yake atadhani ni juisi. Mteja akitaka lita moja, muuzie kopo lenye lebo, au aje na gari umwekee mwenyewe.